Kusoma Riwaya ya Nchi Iliyozibwa Mdomo: Mwongozo kwa Msomaji wa Tuwan

Mapema mwaka wa 1987 habari ziliwafikia wakubwa wa serikali jijini Nairobi kwamba kuna mtu anayezunguka vijijini Kenya ya Kati akiwauliza wananchi maswali kuhusu ukweli na haki. Jina lake, walisema wapasha habari, ni Matigari. Amri ikatoka akamatwe. Polisi walipofuatilia waligundua kwamba mtu huyo hana boma wala kitambulisho, kwa sababu hakuwahi kuzaliwa. Ni mhusika mkuu wa riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyochapishwa kwa Kikuyu mnamo Oktoba 1986. Mtu alipokosekana, kikakamatwa kitabu. Februari 1987 polisi walipita kwenye maduka ya vitabu wakazoa nakala walizozikuta, na hadi 1996 riwaya ya Matigari haikuuzwa tena katika maduka ya Kenya. Ngũgĩ mwenyewe ndiye aliyeisimulia kadhia hii, katika maelezo aliyoyaweka mwanzoni mwa toleo la Kiingereza.

Mwongozo huu ni wako wewe uliye Tuwan, Matisi au Kipsongo, mitaa ya Kitale, au ng'ambo ya pili kule Bungoma, ambaye umepata nakala ya riwaya hii na unataka kuielewa vizuri, iwe unajiandaa kwa mtihani wa chuo au unasoma kwa sababu unapenda kusoma. Nakala utakayoipata kwa urahisi ni tafsiri ya Kiingereza ya Wangũi wa Goro iliyotoka 1989. Si kitabu kinene. Soma kwa Kiingereza, zungumzeni kwa Kiswahili. Hakuna ubaya wowote.

Nimeamua kuandika kwa sababu miongozo mingi inayouzwa vibandani huwapa wasomaji orodha: nyumba inaashiria nchi, mbwa wanaashiria polisi, moto unaashiria mapinduzi. Mwanafunzi hukariri, hujaza ukurasa, hupata alama zake, na kitabu kinabaki hakijasomwa. Orodha hizo si uongo. Kasoro yake ni kwamba zinaanza na swali lisilofaa. Unapokutana na ishara katika riwaya kama hii usikimbilie kuuliza inaashiria nini. Uliza kwanza: kwa nini jambo hili halikusemwa waziwazi, na nani angeumia kama lingesemwa? Katika nchi ambayo neno la moja kwa moja linaweza kukupeleka kizuizini, ishara si pambo. Ni njia ya kulipitisha lililokatazwa mbele ya macho ya anayelikataza. Ukilishika hilo, mengine yote yatafuata.

Anza na mwaka, kisha uusahau kidogo

Kabla ya ukurasa wa kwanza, jikumbushe hali ya Kenya ya wakati ule. Mnamo Juni 1982 Bunge lilibadilisha katiba, Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Agosti mwaka huo huo kukatokea jaribio la kupindua serikali, na msako uliofuata haukumsaza mtu. Ngũgĩ, aliyekuwa amewahi kuzuiliwa katika gereza la Kamiti kuanzia mwisho wa 1977 hadi Desemba 1978 bila kufikishwa mahakamani, alikuwa London wakati huo na hakurudi. Mwaka wa 1986, mwaka ule ule kitabu kilipotoka, walimu, wanafunzi wa vyuo vikuu, wakulima na waandishi walikuwa wakikamatwa kwa madai ya kuhusika na Mwakenya, kundi la siri la kuipinga serikali. Miongoni mwa waliotiwa kizuizini mwaka huo ni Katama Mkangi, yule yule aliyetuandikia riwaya ya Mafuta na baadaye Walenisi. Redio ya nchi ilikuwa moja tu, Sauti ya Kenya.

Haya yote uyajue, halafu uyaweke kando. Mwanzoni mwa riwaya kuna maneno ya mwandishi kwa msomaji na msikilizaji, ambayo wengi huyaruka. Anasema hadithi hii ni ya kubuni, haina wakati maalumu wala nchi maalumu, na anamruhusu msomaji aipeleke mahali anapotaka. Usiyaruke maneno hayo. Kwanza ni kinga ya mwandishi, kwani anayesema hajaitaja nchi yoyote hawezi kushtakiwa kwa urahisi kwamba ameitukana nchi fulani. Lakini pia ni ruhusa kwako. Ukiisoma Matigari kama habari za utawala wa Rais Moi wa wakati huo pekee, utakuwa umekifunga kitabu ambacho mwandishi wake alikiacha wazi kwa makusudi.

Mara ya kwanza, soma kwa sauti

Usomaji wa kwanza usishike kalamu. Soma hadithi kama hadithi: mpiganaji anatoka msituni baada ya miaka mingi ya kupambana na mlowezi Williams na mtumishi wake John Boy. Amewaua wote wawili. Sasa anarudi kuitafuta familia yake na nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Anafika na kuikuta nyumba iko mikononi mwa mtoto wa John Boy, akishirikiana na mtoto wa Williams. Hicho ndicho kiini. Mengine yote ni safari ya kuuliza: ukweli na haki viko wapi katika nchi hii?

Kama mko kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Si kwa sababu nakala ni chache tu, ingawa Tuwan nakala ni chache kweli. Riwaya imejengwa juu ya hadithi simulizi ya mtu mgonjwa anayezunguka akimtafuta mzee wa kumponya, akimuuliza kila anayekutana naye njia. Ndiyo maana maswali ya Matigari yanarudiwarudiwa. Ukisoma kimyakimya, marudio yale yatakuchosha, utadhani mwandishi ameishiwa. Ukiyasikia kwa sikio utajua ni kiitikio. Riwaya ya Ngũgĩ iliyotangulia, Caitaani Mũtharaba-inĩ, tunayoijua kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani, ilisomwa hivyo hivyo ilipotoka 1980: majumbani, kwenye mikusanyiko ya wafanyakazi, hata kwenye baa, msomaji akiagiziwa kinywaji ili aendelee. Mchapishaji wake wa Nairobi, Henry Chakava, mzaliwa wa Vihiga, alivamiwa kwa panga katika kipindi hicho na kujeruhiwa kidole. Kitabu kinachosomwa na mtu mmoja chumbani hakikuwatisha wenye nguvu. Kilichowatisha ni kitabu kinachosomwa kwa sauti mbele ya watu.

Mara ya pili, fuata kitu kimoja hadi mwisho

Sasa chukua daftari. Chagua kitu kimoja kinachojirudia, ukifuate kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Andika kinapotokea, kiko mikononi mwa nani, na kimebadilika vipi tangu ulipokiona mara ya mwisho. Maana iandike mwishoni kabisa.

Nikuonyeshe kwa mfano mmoja. Mwanzoni Matigari amesimama chini ya mti wa mũgumo. Anaizika bunduki yake ya AK-47 na silaha nyingine, anavua mshipi wa risasi, anabandua gamba la mti na kujifunga kiunoni kama mshipi wa amani. Mwongozo wa haraka utaandika: mshipi unaashiria amani. Haya, umuulize aliyeandika hivyo: mbona mshipi huo haumpi amani hata siku moja? Akifika mjini anaipokea amani yake kwa mawe ya watoto. Akifika nyumbani kwake anapigwa na kukamatwa. Katikati ya riwaya anaanza kuutilia shaka, na baadaye anakata shauri kwamba maneno matupu hayamtoi mnyang'anyi ndani ya nyumba. Mwishoni kabisa ni Muriũki, mtoto, anayerudi chini ya mũgumo na kuzifukua silaha.

Ukiufuata hivyo utaona kwamba mshipi ni swali, na riwaya nzima ni jibu linalochelewa: je, mtu anaweza kudai haki mikono mitupu mahali ambapo kuuliza tu ni kosa? Ngũgĩ anajibu kwamba hawezi. Wewe si lazima ukubaliane naye. Mimi sikubaliani naye kikamilifu, kwa sababu najua tulivyolipa katika nchi hii, na hasa katika kaunti hizi zetu, kila silaha zilipofukuliwa. Lakini kutokubaliana na mwandishi baada ya kumfuatilia hatua kwa hatua ni usomaji. Kumkariri si usomaji.

Na huo mti nao usiupite hivi hivi. Msomaji wa Kikuyu anaujua mũgumo kama mahali pa ibada. Msomaji wa Kibukusu ana njia yake ya kuufikia: mti wa murembe, ambao si wa kukatwa ovyo na ambao watu waliapa chini yake. Ukitaka kujua uzito wa kuzika bunduki chini ya mti wa namna hiyo, waulize wazee wa Kimilili au Sirisia kabla hujafungua kamusi.

Kwa njia hiyo hiyo fuata nyumba. Katika Trans Nzoia hakuna anayehitaji kufundishwa maana ya nyumba iliyojengwa na mmoja ikakaliwa na mwingine. Mashamba haya yalikuwa ya walowezi. Walipoondoka, vibarua waliolima na kuvuna walitazama ardhi ikienda kwa wenye uwezo, na vijiji vya maskwota vikabaki pembeni. Baadhi ya wakazi wa Tuwan na Kipsongo ni watoto na wajukuu wa watu wasiopata kipande. Yasome mazungumzo ya Matigari na John Boy mdogo ukiwa na hilo kichwani, na hutahitaji mwongozo wangu. Fuata pia makaburi ya magari, yale magari mabovu ambamo Muriũki na watoto wenzake wanalala, na jalala ambalo lazima walipie ndipo waruhusiwe kuokota. Watoto wanaookota vyuma kuukuu mjini Kitale, ambao tumezoea kuwaita chokoraa na kupita, wamo ndani ya kitabu hiki tangu 1986.

Redio: sehemu ya kukaa nayo muda mrefu

Hapa ndipo ninapokuomba utumie muda wako mwingi, kwa sababu hapa ndipo riwaya inapozungumzia udhibiti kwa undani kuliko mahali pengine popote.

Mara kwa mara hadithi inakatizwa na redio. Sauti ya Ukweli, inajitangaza, kisha inasoma habari: mkutano umepigwa marufuku, mgomo umezimwa, wageni wa heshima wamepokewa, mtawala wa nchi, Mheshimiwa Ole Excellence, amesema hiki na kile. Fanya zoezi hili. Kwa penseli, wekea mstari kila mahali redio inaposema. Kisha soma sehemu hizo peke yake kwa mpangilio, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, bila hadithi iliyo katikati. Utapata kitabu kingine kabisa, kifupi, cha nchi tulivu yenye maendeleo, inayosumbuliwa kidogo na wakorofi wachache. Baada ya hapo rudi usome hadithi bila redio. Tofauti kati ya vitabu hivyo viwili ndiyo maudhui ya riwaya. Msomaji akilifanya zoezi hilo kwa uaminifu hahitaji tena kuambiwa propaganda ni nini.

Halafu wapo kasuku. Kuna Waziri wa Ukweli na Haki, kuna profesa wa historia ya ukasuku, kuna mhariri wa gazeti la ukasuku, na wimbo wa kuimbwa na wote. Wasomaji hucheka hapa, na ni vizuri kucheka, kejeli imekusudiwa. Ila usiishie kwenye kicheko. Angalia kazi wanayoifanya hawa watu. Wanawaziba wananchi mdomo, naam, lakini pia wanawajaza mdomo. Wanataka kila mtu aseme neno moja, kwa sauti moja, hadi neno lingine lisipate nafasi.

Linganisha na riwaya mbili mashuhuri za aina hii duniani. Katika Fahrenheit 451 ya Mmarekani Ray Bradbury, iliyotoka 1953, wazimamoto hawazimi moto, wanachoma vitabu, na kuta za sebule zimegeuzwa runinga zinazopiga kelele mchana kutwa. Katika riwaya ya George Orwell ya 1949 iitwayo 1984, serikali inapunguza maneno ya lugha ili watu wakose hata namna ya kuwaza uasi, na wizara inayotunga uongo inaitwa Wizara ya Ukweli. Ngũgĩ ana Wizara yake ya Ukweli na Haki, na hilo si jambo la kubahatisha kwa mtu aliyesoma sana kama yeye. Tofauti yake ni kwamba katika nchi ya Matigari vitabu havichomwi kwa sababu walio wengi hawana vitabu. Kinachodhibitiwa ni redio, mikutano, nyimbo na uvumi. Huo ndio udhibiti wa Kiafrika wa miaka ile, na kwa kiasi kikubwa ni wa leo pia.

Mwisho wa kitabu cha Bradbury, waliokimbilia porini wanakariri vitabu vizima ili visipotee, mtu mmoja kitabu kimoja. Pale mtu anageuka kuwa kitabu. Kwetu, mwaka wa 1987, dola ilikichukua kitabu ikadhani ni mtu. Sijui tukio jingine la fasihi Afrika Mashariki linaloonyesha vizuri zaidi nguvu ya hadithi inayotembea midomoni. Na ndani ya riwaya yenyewe ndivyo ilivyo: watu wanasimuliana habari za Matigari hadi hawajui tena kama ni mwanamume au mwanamke, mrefu au mfupi, mzee au mtoto. Serikali inamtafuta mtu mwenye sura moja wakati wananchi wamekwisha kumpa sura zote. Uvumi ni ishara kubwa kuliko bunduki katika riwaya hii, na miongozo mingi haiutaji kabisa.

Ukitaka kujaribu ulichokielewa, tazama yaliyotokea baadaye. Tarehe 30 Januari 2018 serikali ilizima matangazo ya NTV, KTN na Citizen kwa sababu ya kujiapisha kwa kiongozi wa upinzani Raila Odinga kule Uhuru Park. Tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza vituo viache kurusha maandamano moja kwa moja, na baadhi vikazimwa hadi Mahakama Kuu ilipoingilia. Wale waliosoma tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea kwa KCSE wanamkumbuka Majoka na runinga ya Mzalendo. Ziwekeni habari hizo na zile za Sauti ya Ukweli mezani pamoja, mjadili kilichofanana na kilichobadilika. Kilichobadilika kipo: mwaka wa 1987 hapakuwa na mahakama ya kukimbilia kwa ajili ya kitabu.

Mhusika si ishara tu

Hapa nina onyo. Ukishaonja utamu wa ishara, utaanza kumgeuza kila mtu kuwa wazo: Ngarũro wa Kĩrĩro, kiongozi wa mgomo, ni wafanyakazi, Muriũki ni kizazi kijacho, Gũthera ni taifa lililodhulumiwa. Yote yana ukweli wake. Lakini soma polepole kisa cha Gũthera. Baba yake, mtu wa kanisa, alikamatwa kwa kuwapelekea wapiganaji risasi. Polisi akamwambia binti kwamba anaweza kuyaokoa maisha ya baba kwa mwili wake. Akakataa kwa ajili ya imani yake, baba akauawa. Baadaye, akiwa na wadogo wa kulisha, akalazimika kuuza mwili huo huo, akajiwekea amri yake ya kumi na moja: kamwe asilale na polisi. Halafu ili Matigari atoke jela, anaivunja amri hiyo.

Msomaji anayesema Gũthera anaashiria taifa, kisha akafungua ukurasa unaofuata, amemkosea huyu mwanamke. Na nitasema wazi ninachokiona kama upungufu wa riwaya: ukombozi wa mwanamume unanunuliwa tena kwa mwili wa mwanamke, na mwandishi anaipokea sadaka hiyo kwa wepesi mno. Mkiwa kikundi, waacheni akina dada na akina mama waongoze mjadala wa sehemu hii. Wataona ambayo mwalimu mwanamume, nikiwemo, hupitwa nayo.

Onyo lingine ni la waumini. Kuna chakula kinachogawanywa ndani ya seli, na wafungwa wenyewe wanakumbuka karamu ya mwisho ya Yesu. Watu wanaulizana kama Matigari ndiye Kristo aliyerudi. Kule kwetu, ambako kila barabara ina kanisa, wasomaji hukimbilia kusema Matigari ni Yesu na kumaliza. Ngoja kwanza. Anapokwenda kwa kasisi kuuliza swali lake, angalia jibu analopewa. Mwandishi anazitumia ishara za Biblia kwa sababu ndizo wasikilizaji wake wanazozijua kwa moyo, kisha anaziuliza zina kazi gani mahali penye dhuluma. Hilo ni jambo tofauti na kuhubiri.

Mtafute Matigari wa Bungoma

Kipimo bora cha kuielewa ishara ni kuikuta nyumbani. Riwaya inasimulia jinsi wakubwa wanavyoamua kwamba anayeuliza maswali ni mwendawazimu na kumpeleka hospitali ya akili. Jambo hilo linaweza kuonekana kama chumvi ya mwandishi. Kwa Mbukusu si chumvi. Elijah Masinde wa Kimilili, aliyewahi kuichezea Kenya mpira katika Kombe la Gossage, aliongoza Dini ya Msambwa na kuwaambia walowezi waondoke. Wakoloni walimfungia katika hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1945 hadi 1947. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake Malakisi, dini ikapigwa marufuku, naye akapelekwa uhamishoni miaka mingi, Lamu na Marsabit. Uhuru ulipokuja alirudi, akaendelea kusema, na serikali ya Waafrika ikamfunga tena na kuipiga dini yake marufuku kwa mara nyingine mwaka wa 1968.

Mzee anayerudi baada ya vita, anayekuta wenye nyumba wamebadilika rangi lakini hawajabadilika tabia, anayeambiwa ana kichaa kwa sababu anauliza: Bungoma ilikuwa naye, na alifariki 1987, mwaka ule ule riwaya ilipozolewa madukani. Sisemi Ngũgĩ alimchora Masinde. Nasema msomaji wa Bungoma anayemjua Masinde ataielewa sura ya hospitali kwa haraka kuliko profesa wa ughaibuni. Andika kisa cha Masinde kwenye ukurasa wa kushoto wa daftari lako na cha Matigari kulia. Kama mnaye babu au nyanya aliyeiona Dini ya Msambwa, mwalikeni aketi nanyi siku ya sura hiyo, mumsikilize.

Kuandika maudhui

Sehemu hii nitaipita upesi. Maudhui hayaandikwi kwa neno moja. Mtahiniwa anayeandika "udikteta, ufisadi, usaliti" ameandika majina ya vyumba bila kuingia ndani. Maudhui ni sentensi inayoweza kubishaniwa. Si "udhibiti", bali: "Riwaya inaonyesha kwamba serikali inayodhibiti habari huishia kudanganywa na uvumi inaoutengeneza yenyewe." Sentensi hiyo mtu anaweza kuipinga, kwa hiyo inahitaji ushahidi: redio, msako, sura nyingi za Matigari. Toa tukio, taja nani yupo na nini kinafanyika, kisha eleza linavyoibeba hoja. Na usichanganye istilahi: sitiari huishi ndani ya sentensi, ishara huishi ndani ya hadithi nzima. Kama kitu kinatokea mara moja na kupotea, huenda si ishara.

Orodhesha pia aina za woga wa wale ambao Matigari anawapelekea swali lake. Mwanafunzi anaogopa, mwalimu anaogopa, kasisi anaogopa, lakini hawaogopi kitu kimoja wala hawana sababu moja. Jibu linalotofautisha aina hizo tatu za woga lina thamani kuliko kurasa nne kuhusu udikteta.

Mkijadili, msiogope

Watu wa kwetu huniuliza kama kujadili kitabu cha namna hii hadharani hakutawaletea matata. Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na inataja kwa jina uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Kilichokatazwa ni uchochezi wa vita na ghasia, na matamshi ya chuki. Kusoma na kujadili riwaya hakuko kwenye orodha hiyo.

Ni kweli kwamba maandishi ya Katiba na mwenendo wa wakubwa ni mambo mawili. Wasichana wa Butere, majirani zetu wa Kakamega, wanalijua hilo. Mwaka wa 2013 mchezo wao Shackles of Doom ulizuiwa kwenye tamasha la kitaifa la drama hadi Mahakama Kuu ilipoamuru uchezwe. Mnamo Aprili 2025 walikwenda Nakuru na mchezo Echoes of War, ulioandikwa na Cleophas Malala kama ule wa kwanza, baada ya mahakama tena kuagiza waruhusiwe. Mwandishi na mwelekezi wao alizuiwa kuwafikia, hadhira haikuruhusiwa, polisi wakatupa vitoa machozi nje. Wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakakataa kucheza, wakaondoka. Kila kikundi kinachosoma Matigari kaskazini mwa Bonde la Ufa au Magharibi kiwasome wasichana wale pamoja na riwaya hiyo. Walifanya kwa miguu yao yale ambayo riwaya inayafanya kwa ishara: walipokatazwa kusema, wakatafuta namna ya kusema bila neno hata moja la mchezo wenyewe.

Ngũgĩ alifariki Mei 28, 2025, huko Marekani, mbali na Limuru alikozaliwa. Kitabu chake kiko huru. Hakuna amri inayokizuia leo, kinauzwa, kinaazimwa, kinaweza kusomwa chini ya mti wowote Tuwan Jumamosi mchana. Hata kama mko watano na mna nakala moja, inatosha. Mpeni mwenye sauti nzuri aanze, mwenye mwandiko mzuri ashike daftari, na mtu mmoja apewe penseli ya kuwekea mstari kila redio inapofungua kinywa. Anzeni wiki hii.